Mursik ya Mlima wa Kimulot

Mimi nina wivu. Nianze hapo ndio tusipotezeane muda. Watu wa kwetu wakikumbuka ile siku mbio za baiskeli zilipopita hapa huniambia, "Lakini si wewe ulishinda? Sasa shida yako ni nini?" Shida yangu ni ndugu yangu. Imekuwa ndugu yangu tangu alipozaliwa, kitinda mimba, mwepesi wa kucheka, na mimi nikaambiwa nisogee kitandani nimpe nafasi ya ukutani, ile yenye joto.

Kwetu ni Kimulot, juu huku ambako mashamba ya majani chai yanapanda mpaka yanagusa msitu. Kila nyumba ina mtu anayekimbia au aliyewahi kukimbia, na ukipita kwa baiskeli ukiwa umeinama, watoto watakuuliza kama miguu yako imeisha. Mimi sikuanza baiskeli kwa ajili ya mashindano. Nilianza kwa sababu ya maziwa. Tulikuwa na baiskeli moja, nyeusi, nzito, haina gia hata moja, na kila asubuhi nilifunga mtungi wa maziwa nyuma kwa mpira, nikapanda nao mlima hadi kituo cha kukusanyia. Ukichelewa, gari limeondoka, na maziwa unarudi nayo nyumbani mama akikutazama. Kwa hiyo nilijifunza kunyonga baiskeli mlimani bila kushuka.

Ndugu yangu nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilishika kiti nikakimbia nyuma yake mpaka pumzi ikanikatika, kisha nikaachilia. Hakuanguka hata mara moja. Mimi wakati nilijifunza nilitoa ngozi ya magoti yote mawili, na huyu, wacha, aliteremka akicheka mpaka kwa majirani, na mama akapiga vigelegele shambani akiwa na kikapu cha majani mgongoni. Sikumbuki vigelegele vyangu.

Halafu kuna ile habari ya kocha. Kocha mmoja mgeni alikuja Kericho kutafuta vijana wa kupeleka ng'ambo, kwenye timu ya watu wanaolipwa kuendesha baiskeli. Mimi ndiye niliyeitwa. Jina langu ndilo lililompelekea habari, kwa sababu nilikuwa nimeshinda vijimbio vingi vya kwetu huku. Nikamwambia ndugu yangu twende, anibebee maji na sweta. Nikapanda ule mlima wa majaribio, nikaupanda vizuri, hata leo nasema niliupanda vizuri. Nikashuka. Kocha akaandika kitu, kisha akamtazama ndugu yangu aliyekuwa amekaa kwenye nyasi na sweta yangu mapajani, akatazama ile miguu yake mirefu, akasema, "Hebu na huyo ajaribu."

Alijaribu na baiskeli yangu. Na viatu vyangu.

Basi yeye akaenda ng'ambo, mimi nikarudi kutengeneza pikipiki sokoni. Niliambiwa umri umenipita kidogo. Kidogo! Mama alitundika picha ya ndugu yangu sebuleni, amevaa jezi ya buluu, nyuma yake milima ya watu. Ilikuwa ikitutazama tukila. Mimi niliendelea kufanya mazoezi alfajiri kabla ya kufungua kibanda, na kuendesha na klabu yetu ya huku, watu wenye kazi zao: mwalimu, dereva wa lori la majani, na mimi fundi. Nilijikaza kisabuni. Watu waliona ni uvumilivu, kumbe ni wivu tu ulionitoa kitandani.

Habari zilipokuja kwamba kutakuwa na mbio za siku moja, mbio kubwa, timu za ng'ambo zitakuja, kutoka mjini Kericho kupitia Litein, kupanda kwetu Kimulot na kuteremka hadi Bomet ambako ndiko mwisho, mama alifanya kitu kimoja. Alitoa kibuyu chake kizuri.

Mtu asiyejua kwetu nimweleze. Mtu wa hapa akishinda kitu kikubwa, akirudi, mama yake hampokei mikono mitupu. Anavishwa shingoni sinendet, ule mmea wa kutambaa unaokatwa porini, na anapewa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichopakwa ndani masizi ya mkaa wa mti wa senetwet mpaka maziwa yenyewe yakawa na rangi ya majivu. Anakunywa mbele ya watu. Ukishakunywa hapo, hakuna wa kukuuliza tena wewe ni nani. Mimi vijimbio vyangu vyote nilikunywa chai.

Mama alisugua kile kibuyu kwa ufito, akachoma vijiti, akasaga ule mkaa ndani, akatia maziwa ya yule ng'ombe mwekundu, akakitundika. Mahali alipokitundika ni kwenye msumari ulio chini ya picha ya ndugu yangu. Mimi niliona. Misumari iko mingi ile nyumba.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, "Mama, hii ni ya nani?"

"Ya yule atafika wa kwanza."

"Sisi tuko wawili tunashindana. Kibuyu ni kimoja."

"Kwani wa kwanza huwa wawili?" akasema, akaenda zake kukamua.

Ukweli ni kwamba hakuna kitu nilichokitaka duniani kama kile kibuyu. Si kombe, si jezi. Nilitaka mama anishikie kile kibuyu mdomoni, watu wakiona, na ndugu yangu akiwa kando ameshika sweta.

Ndugu yangu alikuja na timu yake, akalala hotelini Kericho kwa sababu ni sheria yao. Alipitia nyumbani mara moja tu na gari la timu. Amenenepa mapaja, amekonda uso. Alinikumbatia, akaniletea miwani ya kuendeshea, mizuri kushinda yoyote niliyowahi kuvaa. Nikasema asante. Roho iliniuma kwa sababu hata kumchukia alinifanyia kuwa kazi ngumu. Nilimwambia mama tena, ndugu yangu akisikia, kwamba mwisho ni Bomet. Mama akajibu Bomet ni mbali na ana majani ya kuchuma, yeye atatungojea hapa juu ya mlima.

Siku yenyewe ilianza na jua. Tulitoka Kericho tukiwa kundi moja kubwa, watu wa rangi zote, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia ile sauti ya baiskeli za watu wa kulipwa zikiwa pamoja, kama nyuki wanaohama. Waliongea na kucheka wakienda kasi iliyokaribia kunitapisha mimi. Ndugu yangu alikuwa katikati yao, wenzake wanne wakimkinga upepo, wakimletea chupa za maji. Wanne! Mtu niliyemshikia kiti. Mimi wenzangu, mwalimu alipata pancha kabla ya Litein, na dereva wa lori akaachwa kwenye mlima wa kwanza, kwa hiyo nilibaki nimejifinya nyuma ya Mbelgiji mmoja mwenye mgongo mpana, nikikingwa upepo bure.

Baada ya Litein barabara ikaanza kupinda kuelekea kwetu, na hapo wageni wakaanza kuona chungu. Barabara hiyo naijua kila jiwe. Najua mahali inapodanganya, ambapo unadhani kilele kimefika na bado. Wakabaki watu kumi hivi mbele, halafu sita. Ndipo ndugu yangu akasimama kwenye pedali akaondoka peke yake, vile vile alivyokuwa akiondoka akiwa na mtungi, kiwiko cha kushoto kimetoka nje kidogo. Hata hiyo tabia ya kiwiko ilikuwa yangu. Nikamfuata. Sikumpata, lakini wale wengine nao hawakunipata mimi, na kwa muda tulikuwa watoto wawili wa mama mmoja, yeye kona ya mbele, mimi kona ya nyuma, chai pande zote mbili, na wachumaji wamesimama wakitupungia vikapu.

Sasa, juu ya mlima, pale sokoni kwetu, waandaaji walikuwa wamefunga bango kubwa jekundu kukatiza barabara. Lilikuwa la tuzo ya mlima. Wa kwanza kupita chini yake anapewa jezi ya mpandaji bora, basi, na mbio zinaendelea. Sisi waendeshaji tulijua. Lakini nani aliwaambia watu wa Kimulot? Walifungua madirisha asubuhi wakakuta bango, spika, polisi, gari la wagonjwa, na mtangazaji wa redio amesimama juu ya meza akipiga kelele kwa Kikipsigis kwamba kijana wetu ndiye wa kwanza, anakuja, anakuja. Hata wewe ungesema mwisho ni hapo.

Nilitokea kwenye kona ya mwisho nikaona barabara imejaa akina mama. Wanaimba. Ndugu yangu amesimama katikati yao, chini ya bango lenyewe, mguu mmoja chini, sinendet shingoni. Nyuma yake gari la timu linapiga honi kama limechanganyikiwa, na meneja wao ametoa nusu ya mwili dirishani, anafoka kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Na mbele ya ndugu yangu yuko mama, na leso yake ya kanisani, amekiinua kile kibuyu kwa mikono miwili.

Ndugu yangu alikuwa anakunywa. Hakuonja. Alikunywa kama mtu aliyekaa miaka kwa watu, macho amefumba, na mama amekishika kibuyu kwa chini akikiinua zaidi.

Nilipita hapo karibu sana, kiwiko changu kikagusa leso ya mama. Hakugeuka. Nasema nilimgusa, na hakugeuka.

Damu ilinipanda kichwani mpaka nikaona bango jekundu mara mbili. Nikapita chini yake bila mtu hata mmoja kunipigia makofi, nikabadilisha gia, nikaushika mteremko. Watu huniuliza siku hiyo nilipata wapi nguvu. Hawajui nilikuwa nalia. Nililia na miwani ya ndugu yangu machoni, nikiteremka kama mtu anayetoroka nyumbani, nikijiambia, basi apewe yote, apewe kibuyu, apewe na mama, mimi naenda Bomet.

Alinikuta. Niseme ukweli, alinikuta, kwa sababu ni mwendeshaji kuliko mimi. Kwenye ile barabara ya vilima vilima, Bomet ikikaribia, nilisikia mlio wa magurudumu ghali nikajua ni nani. Akaja kando yangu. Nilidhani atanipita. Nikageuka nikaona midomo imekuwa ya kijivu, na mkono mmoja umeshika tumbo.

"Kaka," akasema, "tumbo."

"Nani alikwambia unywe?"

Akanyonga kidogo, akacheua, akafuta mdomo.

"Wewe ungekataa?"

Mursik ya mama, mbele ya watu wa kwenu, ameishika kwa mikono miwili, na ukatae? Afadhali umtukane. Ningesimama. Ningeinywa yote, na tumbo lipasuke. Alijua, na mimi nilijua, na hiyo ndiyo iliyonichoma: kwamba ningeweza kupoteza mbio zote kwa kile kibuyu na nikaona sijapoteza kitu.

"Nenda," akaniambia. "Wale wanakuja."

Nikaangalia nyuma, nikaona kundi limetokea kilimani. Ndugu yangu akaingia pembeni, akainama juu ya usukani, na ile mursik yote ikamwagika kwenye lami ya watu wa Bomet. Mimi nikaenda. Mwisho niliufikia nikiwa na kundi masikioni mwangu, yule Mbelgiji nusu baiskeli nyuma yangu, na nilipoinua mikono sikuwa na mtu wa kwetu hata mmoja wa kuinua yake pamoja nami.

Jukwaani walinipa kombe. Walinipa na kibuyu pia, usicheze, kimepambwa shanga mpaka shingoni, kikashikwa na dada mmoja aliyevaa vizuri ambaye sijawahi kumwona kabla wala baada. Nikanywa wakipiga picha. Ilikuwa maziwa lala ya pakiti. Haikuwa na hata punje ya masizi. Nilitabasamu, nikarudisha kibuyu, kikarudishwa kwa hoteli iliyokiazimisha.

Nilirudi Kimulot jioni kwa pikapu ya klabu, kombe nimelitia kwenye mkoba wa viatu. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga, barafu bado nyeupe kati ya mistari ya chai, na stima imepotea kama kawaida. Nyumbani kumejaa. Wameketi kwa taa za mafuta, chai inazunguka, wanaimba, na wimbo una jina la ndugu yangu. Vijana wenye simu walikuwa wanajua nani ameshinda. Niliwaona wakiangalia chini nilipoingia. Lakini nani angesimama kumwambia mama yangu kitu siku hiyo?

Mama alinishika mashavu kwa mikono yake yenye madoa ya majani.

"Pole, mwanangu. Pole kabisa. Tulikuona ukipita kwa hasira hata hukusimama kumsalimia ndugu yako. Nikawaambia watu, huyu mwacheni, kushindwa ni uchungu."

Kumbe aliniona! Haiya. Aliniona, na alichoona ni mtoto mwenye kinyongo anayekimbia aibu.

"Mama," nikasema, "pale hapakuwa mwisho."

"Bango lilikuwa pale."

"Mwisho ulikuwa Bomet. Nilikwambia."

"Sawa, sawa. Kunywa chai kwanza." Alinipapasa mgongo, vile unavyompapasa mtoto anayesema hakuanguka na magoti yametoka damu.

Nikaweka mkono ndani ya mkoba. Nilishika sikio la kombe. Nilikuwa nalitoa, nakuapia, lilikuwa limefika nusu, nilipoona taa za gari langoni. Gari la timu. Ndugu yangu akashuka, amevaa koti, uso umepauka, sinendet bado iko shingoni. Watu wakasimama wote. Akatembea polepole katikati yao, akaja mpaka nilipo, akaivua ile sinendet akanivisha mimi.

"Mama," akasema, "aliyeshinda ni huyu. Amewashinda wote, na mimi pia. Pale kwetu ilikuwa ni mlima tu."

Nilisikia mvua ikidondoka kwenye paa la mabati. Nikafikiri, sasa. Sasa ndio.

Halafu shangazi mmoja mzee akashika kifua. "Woi, mmesikia? Mmesikia moyo wa huyu mtoto?"

Vigelegele vikalipuka. Wakamrukia yeye. Wakamshika mikono, wakamshika kichwa, mtoto gani anatoka ng'ambo na bado ananyenyekea hivi, mtoto gani anavua heshima yake mwenyewe shingoni akampa kaka yake? Mama alimkumbatia akilia. Ushindi wangu mwenyewe, hata kuutangaza alikuwa ameutangaza yeye, na makofi akapewa yeye. Nilisimama kando na kombe nusu ndani ya mkoba, nusu nje. Kitu alichosahau mikononi mwangu wakati wakimbeba ni koti lake, na mimi nikajikuta nimelishika.

Baadaye mama alinikumbuka. Simsingizii, alinikumbuka. Alipita kati ya watu na kibuyu mkononi, akakitikisa sikioni mwake, akakiinamisha juu ya kikombe. Lilidondoka tone moja la kijivu.

"Nitakuwekea ingine," akasema, na nikaona kwamba ameona haya, na nikamwambia haina neno, mama, kongoi, asante.

Aliweka kweli. Kibuyu kikasuguliwa, kikachomwa, kikatiwa maziwa. Ndugu yangu akarudi ng'ambo. Kombe likakaa juu ya kabati, na wageni wakiuliza, mama anawaambia ni la watoto wake. Mimi niliendelea na pikipiki za watu. Asubuhi moja nikiwa natoka kwenda kibandani, bado giza giza, mama aliniita jikoni. Mursik ilikuwa imeiva. Hapakuwa na wimbo wala sinendet, tulikuwa sisi wawili na kuku mmoja. Alinimiminia kikombe kimejaa, nikakinywa nimesimama, na sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile. Nikamrudishia kikombe.

"Ongeza, mama."

Alisita. "Hii ingine namwekea ndugu yako akija likizo. Ile ya kwanza si aliitapika yote barabarani, maskini."

Akaniongezea kidogo, nusu kikombe. Kisha akakiinua kibuyu sikioni, akakitikisa asikie kama iliyobaki itatosha, akakirudisha kwenye msumari wake chini ya ile picha.